Kamera Ndani ya Ndege: Mambo ya Kufahamu kwa Abiria wa Rukwa Kabla ya Kufunga Begi

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Wapiga picha, waandishi wa habari, watafiti na wananchi wengine wa Mkoa wa Rukwa wanaosafiri kwa ndege wanapaswa kufahamu kuwa kamera na vifaa vyake vina utaratibu maalumu wa kubebwa, na kwamba betri za ziada za vifaa hivyo haziruhusiwi kabisa kuwekwa katika mizigo inayokabidhiwa kwa shirika la ndege. Utaratibu huo ni wa kimataifa. Unamhusu abiria wa safari ya saa moja ndani ya nchi sawa na anayevuka bahari.

Elimu hiyo ina umuhimu wa pekee kwa wakazi wa Uwanda wa Juu wa Ufipa katika kipindi hiki. Kwa miaka mingi, aliyetoka Sumbawanga kwenda Dar es Salaam au Dodoma alipanda basi, na begi lake la kamera alilipakata magotini hadi mwisho wa safari. Aliyehitaji ndege alilazimika kwanza kusafiri kwa barabara kupitia Laela, Tunduma na Vwawa hadi Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kilichopo magharibi mwa Jiji la Mbeya na kilichoanza kutumika Desemba 2012. Mradi wa Serikali wa kukijenga upya Kiwanja cha Ndege cha Sumbawanga, unaohusisha njia ya lami ya kuruka na kutua ndege yenye urefu wa mita 1,750 pamoja na jengo la abiria, unausogeza usafiri wa anga karibu na mlango wa mwananchi. Pamoja na fursa hiyo zinakuja kanuni ambazo abiria wa basi hakuwahi kuulizwa.

Rukwa ni mkoa unaowavuta wenye kamera. Maporomoko ya Kalambo, yenye urefu unaozidi mita 200, yapo katika mpaka wa Tanzania na Zambia. Upande wa magharibi kuna Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki Ziwa Rukwa, na katikati ni nyanda za Ufipa zenye Msitu wa Mbizi na mabaki ya tanuri za kale za Wafipa za kuyeyushia chuma. Kwa wapiga picha wa harusi, mahafali na mikutano wa Sumbawanga, Namanyere na Matai, kamera ni kitendea kazi kinacholisha familia. Kuharibika au kupotea kwake ni kupoteza ajira.

KWA NINI BETRI HAZIWEKWI CHINI YA NDEGE

Kamera nyingi za sasa, droni, kompyuta mpakato, simu na pawabenki hutumia betri za lithiamu. Betri hizo huhifadhi nishati nyingi katika umbo dogo, na hiyo ndiyo faida yake. Hatari yake hutokana na jambo hilohilo. Betri ikipata hitilafu ya ndani, ikitobolewa, ikipondwa, au ncha zake mbili zikiguswa na kipande cha chuma kama sarafu au ufunguo, joto lake huanza kupanda na kujiongeza lenyewe. Seli moja huiunguza seli ya jirani, na moto unaotokea unaweza kuwaka tena hata baada ya kuonekana kuzimika.

Moto wa aina hiyo ukitokea katika chumba cha abiria, wahudumu huuona mapema, huuzima na kuipoza betri kwa maji. Ukitokea katika chumba cha mizigo chini ya ndege hakuna anayeufikia, na gesi ya kuzimia moto iliyopo huko haiwezi kuizuia betri kuendelea kujichoma. Hii ndiyo sababu kanuni inamtaka abiria akae na betri zake karibu.

Historia ya usafiri wa anga inaonyesha kuwa tahadhari hiyo ina msingi. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya shirika la UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri za lithiamu, na marubani wake wawili walipoteza maisha. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilizuia betri za lithiamu zinazochajika zinazosafirishwa peke yake kubebwa kama shehena katika ndege za abiria. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado ardhini katika kiwanja cha Gimhae, Korea Kusini, na pawabenki iliyokuwa katika rafu ya juu ya viti ilitajwa na wachunguzi kuwa chanzo kinachowezekana. Watu wote 176 waliokuwamo waliokolewa. Baada ya tukio hilo mashirika kadhaa yalikaza masharti. Emirates, kwa mfano, ilipiga marufuku matumizi ya pawabenki ndani ya ndege zake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, na kumruhusu kila abiria kubeba moja tu yenye nguvu isiyofikia wati-saa 100.

JINSI YA KUTAMBUA NGUVU YA BETRI

Kanuni za kimataifa hupima betri kwa wati-saa, kipimo kinachoandikwa kwenye betri kwa alama ya Wh. Makundi ni matatu.

Kundi la kwanza ni betri zisizozidi wati-saa 100. Hizi huruhusiwa katika begi la mkononi bila kuomba kibali cha shirika, ilimradi ni kwa matumizi ya abiria mwenyewe. Mwongozo wa Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) unataja betri za ziada zisizozidi 20 kwa abiria mmoja.

Kundi la pili ni betri zinazozidi wati-saa 100 lakini hazizidi 160. Hizi huhitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari, na abiria haruhusiwi kubeba zaidi ya mbili za ziada.

Kundi la tatu ni betri zinazozidi wati-saa 160. Abiria haruhusiwi kubeba betri za kundi hili, si mkononi wala katika mzigo unaokabidhiwa. Husafirishwa kama bidhaa hatarishi kwa utaratibu wa shehena.

Iwapo betri haijaandikwa wati-saa, hesabu yake ni rahisi: volti huzidishwa kwa ampia-saa. Kama betri imeandikwa miliampia-saa (mAh), namba hiyo hugawanywa kwanza kwa 1,000. Betri ya kamera yenye volti 7.2 na mAh 2,280 ina takriban wati-saa 16.4. Betri ya droni ndogo yenye volti 15.4 na mAh 5,000 ina wati-saa 77. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye seli za volti 3.7 ina wati-saa 74. Zote hizo zipo katika kundi la kwanza.

Hali hubadilika kwa vifaa vikubwa zaidi. Pawabenki ya mAh 30,000 hufikia wati-saa 111, na betri kubwa ya kamera ya video yenye volti 14.8 na ampia-saa 10 hufikia wati-saa 148. Vifaa hivyo vinahitaji idhini ya shirika, na abiria akivifikisha kiwanjani bila idhini anaweza kuamriwa kuviacha.

Betri ambayo maandishi yake yamefutika humweka mwenye nayo katika mashaka, kwa kuwa mkaguzi hana namna ya kuthibitisha nguvu yake na ana haki ya kuikataa. Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowa au inayopata joto bila kutumika haipaswi kusafirishwa kwa ndege kwa namna yoyote. Wanaonunua betri mbadala za bei nafuu wanashauriwa kukagua maandishi hayo dukani kabla ya kulipa.

Kila betri ya ziada ifungwe peke yake. Kifuniko chake cha plastiki kirudishwe, au ncha zake zizibwe kwa utepe wa gundi, au iwekwe katika kijaluba au mfuko wake. Ikumbukwe kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kijaluba kigumu au kimfuko cha kitambaa ndicho kinachofaa.

UZITO NA UKUBWA WA BEGI

Kila shirika hupanga kiwango chake cha mzigo wa mkononi, na kiwango hicho huandikwa katika masharti ya tiketi. Kwa daraja la kawaida, mashirika mengi huruhusu kilo 7, na baadhi hufika kilo 10. Mwongozo wa IATA unataja vipimo vya takriban sentimita 56 kwa 45 kwa 25, lakini ndege ndogo huwa na nafasi finyu kuliko hiyo.

Vifaa vya kamera hufikia kiwango hicho upesi. Chukulia mpiga picha mwenye kamera mbili zenye kilo 1.4 kwa pamoja, lenzi ndefu ya kilo 1.5, lenzi fupi ya kilo 0.8, taa ya kilo 0.4, betri na chaja za kilo 0.5, kompyuta mpakato ya kilo 1.6 na begi tupu lenye kilo 1.8. Jumla ni kilo 8. Katika shirika linaloruhusu kilo 7, abiria huyo amezidisha kilo moja kabla hajaweka hata kitambaa cha kufutia lenzi.

Njia ya kuaminika ni kupima begi nyumbani na kugawa vifaa kwa mpangilio. Vinavyobaki mkononi ni kamera, lenzi, kadi za kumbukumbu, betri zote za ziada, pawabenki na kompyuta. Vinavyoweza kukabidhiwa ni stendi ya miguu mitatu, chaja zisizo na betri ndani yake, nyaya, miavuli ya taa na nguo. Nguo zinaweza kutumika kuvizungushia vifaa hivyo ili visigongane. Mwenye vifaa vizito zaidi anaweza kuwasiliana na shirika mapema kuhusu malipo ya uzito wa ziada, badala ya kubishana kaunta wakati abiria wengine wanasubiri.

BEGI LINAPOCHUKULIWA MLANGONI MWA NDEGE

Suala hili ndilo linalosahaulika zaidi, na linawahusu hasa abiria wa mikoa inayohudumiwa na ndege za ukubwa wa kati. Ndege aina ya Dash 8-400 za Shirika la Ndege Tanzania (ATCL), zenye viti 76, huweza kutumia njia fupi kuliko zinazohitajiwa na ndege kubwa za masafa marefu. Hata hivyo, rafu zake za juu ya viti ni ndogo. Katika ndege za aina hiyo, mhudumu anaweza kumwomba abiria aache begi lake chini ya ngazi ili lipakiwe katika chumba cha mizigo, hata kama lilikubaliwa kaunta kuwa mzigo wa mkononi.

Wakati huo begi hugeuka kuwa mzigo wa chini ya ndege, na kanuni ya betri huanza kulihusu papo hapo. Abiria anapaswa kumweleza mhudumu bila kusita kuwa begi lina kamera na betri za lithiamu, kisha atoe betri zote za ziada na pawabenki na kuingia nazo ndani. Kunyamaza kwa kuogopa kuchelewesha foleni ni kosa linaloweza kuhatarisha maisha ya wote waliomo.

Ili zoezi hilo lichukue sekunde chache, betri zote, pawabenki na kadi za kumbukumbu ziwekwe katika kimfuko kimoja kinachochomoka kwa urahisi juu ya begi. Kamera yenyewe inaweza kuvaliwa shingoni. Betri iliyomo ndani ya kamera haihesabiwi kuwa ya ziada. Hata hivyo, kifaa kinachobaki katika begi linalokwenda chini ni lazima kizimwe kabisa na kulindwa kisijiwashe.

KATIKA ENEO LA UKAGUZI

Ukaguzi wa usalama katika viwanja vilivyo chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA) humtaka abiria kupitisha mizigo yake katika mashine ya eksirei. Mashine hizo hazifuti picha zilizomo katika kadi za kumbukumbu. Wanaotumia kamera za filamu wanapaswa kuomba filamu zao zikaguliwe kwa mkono, hasa zile zenye wepesi mkubwa wa kunasa mwanga, kwa kuwa mionzi inaweza kuziharibu.

Mkaguzi anaweza kuagiza kamera itolewe, iwashwe au ifunguliwe kifuniko. Kuvipanga vifaa bila kuvirundika huharakisha kazi hiyo, kwa kuwa lenzi na betri zilizolundikana huonekana katika kioo cha mashine kama bonge moja la chuma. Stendi ya kamera inaweza kukataliwa mkononi kwa uamuzi wa mkaguzi. Visu vidogo na bisibisi viwekwe katika mzigo unaokabidhiwa. Makopo ya hewa ya kupulizia vumbi yasibebwe, na badala yake itumike pampu ndogo ya mpira.

Aidha, kuwa na kamera mkononi si ruhusa ya kupiga picha popote. Maeneo ya ukaguzi, ya ulinzi na ya ndege za Serikali hayapigwi picha bila kibali cha mamlaka husika.

DRONI ZINA MASHARTI YA ZIADA

Mwenye droni anapaswa kutenganisha mambo mawili: kuisafirisha na kuirusha. Kuisafirisha hufuata kanuni za betri zilizoelezwa hapo juu, ambapo betri hutolewa na kubebwa mkononi. Kuirusha ni suala linalosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ambayo husajili droni na kutoa vibali. Ndani ya hifadhi za Taifa huhitajika pia idhini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Droni iliyofika Sumbawanga salama bila vibali itabaki ndani ya kasha lake.

HASARA IKITOKEA

Katika safari za kimataifa, haki za abiria kuhusu mizigo husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kwa mzigo uliokabidhiwa, shirika huwajibika kwa upotevu au uharibifu uliotokea likiwa na mzigo huo, isipokuwa pale uharibifu unapotokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Kwa begi la mkononi, shirika huwajibika iwapo tu hasara imetokana na kosa lake au la watumishi wake.

Fidia hiyo ina kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo kwa kila abiria ni vizio 1,519 vya haki maalumu za fedha za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), sawa na takriban dola 2,000 za Marekani. Kamera moja ya kitaalamu na lenzi yake huweza kuzidi thamani hiyo. Abiria anaweza kutoa tamko maalumu la thamani wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia ada inayotakiwa. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kupokelewa, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwa mwenyewe.

Kwa safari za ndani, abiria asome masharti ya tiketi, kwa kuwa mashirika mengi hujiondolea dhamana ya vitu vya thamani na vinavyovunjika vilivyowekwa katika mzigo unaokabidhiwa. Kwa wanaoishi kwa kazi ya picha, bima ya vifaa ni jambo la kufikiria. Orodha ya namba za utambulisho wa vifaa na nakala za risiti zihifadhiwe mbali na begi lenyewe.

Picha zenyewe hazifidiwi. Kamera inaweza kununuliwa tena, lakini ndoa iliyofungwa Jumamosi haifungwi upya ili ipigwe picha. Nakala ya kazi iwekwe katika kifaa cha pili kabla ya kuondoka, na kadi halisi zibaki mwilini mwa msafiri.

MABADILIKO YA HALI YA HEWA

Mji wa Sumbawanga upo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai huwa na baridi kali. Kamera iliyotoka katika baridi hiyo na kufunguliwa katika joto na unyevu wa Dar es Salaam hupata ukungu juu ya lenzi, na wakati mwingine ndani yake. Msafiri aliache begi limefungwa kwa nusu saa hadi saa moja baada ya kuwasili ili joto la vifaa lilingane na la mazingira. Vipakiti vya kufyonza unyevu ndani ya begi husaidia.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Kwa muhtasari, msafiri mwenye kamera anapaswa kusoma masharti ya shirika lake, kupima begi, kukokotoa wati-saa za kila betri, kuziba ncha za betri za ziada, na kuziweka pamoja na kadi za kumbukumbu katika kimfuko kimoja cha kubaki mkononi. Mwenye betri inayozidi wati-saa 100 aombe idhini kabla ya siku ya safari. Begi likichukuliwa mlangoni mwa ndege, kimfuko hicho kitolewe kwanza.

Mwenye shaka juu ya kifaa chochote aulize ofisi ya shirika la ndege alikokata tiketi kabla ya kufika kiwanjani.